UFUNDI WA MAGARI: Ekseli ya Nyuma ya Gari la Mashindano

Juma hili tunatazama chini ya magari ya Marekani yashindanayo mawili mawili, kutoka kusimama, katika njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Wenye magari hayo aghalabu huiongezea injini nguvu kwanza, wakaisahau ekseli ya nyuma mpaka siku ivunjikapo.

Ni kitu gani huivunja? Si nguvu ya injini peke yake. Tuchukue injini yenye msokoto wa nyutonimita 600. Gia ya kwanza ikiuzidisha mara 2.5, na difu mara 4, shafti mbili za nyuma zitapokea jumla ya nyutonimita 6,000. Matairi ya kawaida yatateleza, na kuteleza huko huziokoa shafti. Lakini yakifungwa matairi mapana ya mashindano, yenye kunata, mzigo wote utayaangukia meno ya difu na shafti. Gari likiwa zito, au klachi ikiachiwa ghafula, pigo huzidi. Dereva ambaye gurudumu lake limewahi kuzunguka matopeni, kisha likashika jiwe, anaujua mlio huo.

Basi mnunuzi na apime kwanza uzito wa gari, matairi na namna ya kuondoka, ndipo achague. Difu ya Ford yenye krauni ya inchi 9, iliyofungwa katika magari ya kiwandani tangu 1957 hadi 1986, hupendwa sana. Pinioni yake imeshikwa na beringi pande zote mbili, na difu nzima hutolewa kwa mbele, hata gia zikabadilishwa upesi. Ila pinioni hiyo imekaa chini mno, hivyo meno husuguana na kula sehemu ya nguvu. Difu ya Chevrolet ya boliti 12, yenye krauni ya inchi 8.875, hula nguvu pungufu. Dana 60, ya inchi 9.75, ni imara zaidi, lakini ni nzito.

Shafti nazo zitazamwe. Yenye mifuo 35 nchani ni nene kuliko ya 31, na ya 31 kuliko ya 28.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: shafti ikikatika, gurudumu litabaki mahali pake? Katika ile ya Chevrolet, shafti hushikwa ndani ya difu kwa klipu ndogo tu. Ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka pamoja na kipande chake. Katika ile ya Ford, shafti hushikwa upande wa nje, karibu na gurudumu. Waliotumia Land Rover za zamani wanakumbuka kuwa shafti zilikatika, lakini magurudumu hayakutoka, kwa kuwa yalibebwa na beringi zake yenyewe. Mwenye difu ya klipu na anunue vifaa vya kuzibadili kabla ya kuongeza nguvu yoyote.

Gari lililoshindwa kuondoka hurudishwa nyumbani kwa kuvutwa. Lililopoteza gurudumu katika mwendo wa kilomita 200 kwa saa halimrudishi dereva wake. Tahadhari kabla ya hatari.