Mchawi wa Hadithi Zetu ni Mgonjwa

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nataka tugombane.

Nimesoma hadithi tunazobadilishana pale maskani, zile za kwenye madaftari na zilizopigwa chapa. Nimehesabu vikongwe. Kila bibi kizee anayeingia humo ana macho mekundu, anaongea peke yake, anazurura usiku, na kabla ukurasa wa tatu haujaisha keshakamatwa uchi nyuma ya nyumba ya mtu. Akifa, kijiji kizima kinapumua. Sisi tunapigiana makofi: "Mwana, umetisha!"

Wa kwanza kushitakiwa ni mimi. Hadithi yangu ya kwanza baada ya kumaliza kidato cha nne ilikuwa na ajuza wa namna hiyo hiyo. Wala sikumbuni kichwani. Alikuwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa amelala chumba cha pili, nyumbani kwetu Mbagala, wakati mimi naandika.

Bibi alianza kwa kusahau chumvi. Baadaye akawa anasahau kwamba keshatia chumvi. Miaka miwili mbele akawa ananiita kwa jina la mjomba aliyefariki mimi sijazaliwa. Jua likizama ndo mambo yanaanza: anafunga kanga kiunoni, anatafuta ndoo, anataka kwenda kisimani. Kisima chenyewe kiko Masasi, alikochota maji akiwa msichana! Alfajiri moja alikutwa barabarani hana nguo. Alikuwa amejichafua, akazivua, basi. Lakini mtaani ilivuma kwamba ungo umemwangusha.

Sasa nisikilizeni. Ule haukuwa uchawi. Wala haukuwa "uzee tu", maana wako wazee wa miaka tisini wanaokumbuka deni la mwaka juzi. Ni maradhi ya ubongo. Wataalamu wanayaita dimensia, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Msiniambie ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 wanayo.

Na jambo tunalolikwepa ni hili: maradhi haya yanaua. Hayaishii kwenye kusahau majina. Mwishoni mgonjwa anasahau kutembea, anasahau kuketi, anasahau hata kumeza. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Kwa kuwa hatutaki kukubali kwamba mtu huyu yuko katika safari ya mwisho, tunamtesa huku tukidhani tunamsaidia.

Mnataka ushahidi? Sisi tulimfunga Bibi kitandani kwa kanga ili asitoke usiku. Mama mdogo alikuwa anambana pua ili afungue mdomo ameze uji. Mimi nilikuwa nashika mikono. Hospitali tuliyompeleka walimwangalia dakika tano, wakasema, "Uzee huo, mrudisheni nyumbani." Hawakutuambia tumlazeje, tumlisheje, wala atakufaje. Tukarudi na Bibi wetu kwenye daladala kama tulivyokwenda.

Aliyetufumbua macho ni nesi mmoja mstaafu wa mtaa wa pili. Alisimama mlangoni akatutazama tunavyomgeuza, Bibi anapiga kelele, nasi tunasema zimempanda. Nesi akauliza, "Mmemwangalia uso? Mkigusa mguu wa kushoto anakunja uso na pumzi inabadilika. Mama yenu anaumwa nyonga." Miezi sita, jamani! Miezi sita tulidhani anatutukana, kumbe anatuambia inauma. Mdomo ulikuwa umesahau maneno, mwili haukusahau maumivu.

Akamwona daktari anayemfahamu, ikaandikwa dawa ya maumivu ya maji, tukawa tunampa kwa saa, hatungoji kelele. Tukaanza kumgeuza kila baada ya saa mbili. Tukailowesha midomo yake kwa kitambaa. Mjomba alitaka awekewe mpira wa kulishia puani. Nesi akamweleza kwa heshima: utafiti haujaonyesha kwamba mpira unamrefushia maisha mgonjwa aliyefika hatua ile. Mketisheni, mlisheni kwa kijiko kidogo, akifumba mdomo mwacheni. Usiku ule Bibi alilala mpaka asubuhi. Aliishi wiki tatu zaidi. Kidonda cha mgongoni, kile cha kulalia, hakikuwahi kupona.

Baadaye nikasoma habari za Auguste Deter, mgonjwa wa kwanza ambaye daktari Alois Alzheimer alimweleza kwa wenzake, Ujerumani, mwaka 1906. Mwanamke huyo alikufa kwa sumu iliyoingia katika damu kutokana na vidonda vya kulalia. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kidonda kile kile kiko Mbagala! Hicho hakingoji mvumbuzi. Kinangoja mikono ya kumgeuza mtu.

Kazi ya nesi yule ina jina: tiba shufaa. Ni kumtunza mtu ambaye maradhi yake hayaponi, kumwondolea maumivu na hofu, na kuishika mkono familia yake. Cicely Saunders alifungua nyumba ya huduma hiyo London mwaka 1967. Nairobi ilipata yake mwaka 1990, Uganda mwaka 1993. Mwaka 2014 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi ziiingize katika huduma zao za afya. Kwetu huku imewafikia zaidi watu wa saratani na wa UKIMWI, na ni haki yao. Lakini mwenye dimensia anaachwa nyuma kwa sababu moja: hawezi kusema "naumwa".

Atatokea mtu aseme, "Tiba shufaa ni kukata tamaa." La hasha! Kukata tamaa ni kumfunga mtu kwa kanga ukaenda kulala. Mwingine atasema hayo ni ya serikali na madaktari, waandishi tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango wa mbele. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, nchini Kenya, kina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Sisemi waliowaua walisoma madaftari yetu. Nasema walilelewa na hadithi ile ile ambayo sisi tunaipiga chapa upya na kuiita sanaa. Serikali idaiwe manesi na dawa, sawa. Lakini familia iliyokwisha amini kwamba bibi ni mchawi haitakwenda kumtafuta nesi.

Wa mwisho atasema hadithi bila uchawi hainunuliwi. Ndugu yangu, hebu mwandike bibi anayetafuta ndoo saa saba za usiku aende kwenye kisima cha utoto wake, mlango umefungwa, na mjukuu anayempenda ndiye mwenye funguo. Hapo kuna hofu kuliko nyungo zote za nchi hii.

Daftari lenye hadithi yangu ile bado ninalo. Sikulichana, nisije nikajidanganya kwamba sikuandika. Na kuanzia sasa, atakayeniletea pale maskani ajuza wa macho mekundu anayepiga kelele usiku, sitampigia makofi. Nitamuuliza: anaumwa wapi, na nani anamgeuza?