Nani Afagie Kumbukumbu ya Kompyuta?

Vijana wetu wanaotunga programu za kompyuta wana mjadala usiokwisha: je, waziache lugha za C na C++, wahamie Java au C#? Kwa kuwa mishahara na akiba zetu siku hizi zimo ndani ya mashine hizo, mjadala huo ni wetu pia.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Programu yake hugeuzwa moja kwa moja kuwa amri za mashine, na mtunzi mwenyewe ndiye aombaye nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta na ndiye airudishaye. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995, huweka msimamizi katikati. Huyu hulinda mipaka ya kumbukumbu, na hufagia nafasi zisizotumika tena.

Faida yake si ndogo. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu ya C inayolinda siri za mawasiliano. Mgeni aliomba arudishiwe herufi chache alizotuma, akadanganya kwamba ni nyingi, naye akamegewa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu, nywila za watu zikiwamo. Hakuna aliyehakiki kipimo. Walioiandika walikuwa mafundi hodari, kwa hiyo kuwahimiza vijana wetu waongeze uangalifu hakutoshi. Mwaka 2019 Microsoft yenyewe ilieleza kwamba yapata asilimia 70 ya kasoro za usalama inazozirekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu.

Lakini msimamizi naye hula. Huhitaji kumbukumbu zaidi, na mara nyingine husimamisha kazi ili afagie. Kampuni ya Discord ilieleza mwaka 2020 jinsi huduma yake moja, iliyoandikwa kwa Go, lugha yenye mfagizi, ilivyokuwa ikikwama kila baada ya dakika 2 hivi. Ikaandikwa upya kwa Rust, ambayo haina mfagizi bali huzikagua kanuni za kumbukumbu kabla programu haijaanza kazi.

Kwa ofisi ya mishahara au ghala, kuchelewa sehemu ya sekunde hakumdhuru mtu; wahamie. Anayetunga programu ya chombo kidogo chenye kumbukumbu haba, au cha kupima mapigo ya moyo, ana sababu ya kusita.

Hata hivyo, programu kuukuu isitupwe kwa siku moja. Ndani yake zimo kanuni za makato na posho ambazo aghalabu hazikuandikwa penginepo, na aliyezijua amekwisha staafu. Yafaa kuanza na sehemu inayopokea taarifa kutoka kwa watu wa nje. Java ina mlango wa kuita kazi zilizoandikwa kwa C, ijapokuwa ng'ambo ya mlango huo msimamizi haoni kitu. Kabla ya kuizima ya zamani, zote mbili ziendeshwe pamoja kwa miezi miwili au mitatu, na hesabu zilinganishwe shilingi kwa shilingi, senti kwa senti.