Taarifa Zetu Zifungwe, na Funguo Zikae Mbali na Seva
Barua ya wazi kwa bodi na mameneja wa SACCOS na taasisi za mikopo za Musoma, Bunda na Butiama

Waheshimiwa wenyeviti na mameneja,



Mwanachama anayeomba mkopo wa nyavu au mtaji wa dagaa huwaachia mengi: jina kamili, namba ya NIDA, simu yake na za wadhamini, picha, barua ya mtendaji wa mtaa, pengine na nakala ya hati ya nyumba. Zamani fomu hiyo iliishia kabatini. Siku hizi inaingizwa kwenye mfumo, na mara nyingi mfumo wenyewe unaendeshwa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva kubwa inayobeba nyingine nyingi za namna hiyo.

Mashine pepe nzima, pamoja na majina, salio na dhamana zetu, ni mafaili. Mwenye ruhusa za msimamizi wa seva anaweza kuyanakili yote na kuyafungua kwingine. Kabati likivunjwa, asubuhi mtaona. Faili likinakiliwa, lenu linabaki palepale na hakuna anayeshtuka.

Kinga yake ni usimbaji fiche, unaogeuza data isisomeke bila ufunguo. Si teknolojia ngeni: kanuni ya AES ilifanywa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001 na leo inatumika duniani kote. Tatizo linakuja pale ufunguo unapohifadhiwa kwenye seva ileile yenye data, kwa sababu mwizi anaondoka na vyote viwili.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina utaratibu mzuri. Kisanduku cha fedha kina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na anayelala na kisanduku hana hata mmoja. Taarifa zetu zinastahili uangalifu huohuo.

Hatari hii si ya kufikirika. Februari 2023 wadukuzi walifunga maelfu ya seva za mashine pepe zinazotumia programu ya VMware duniani na kudai fidia, wakipitia udhaifu ambao marekebisho yake yalitolewa tangu Februari 2021. Aprili mwaka huohuo, supamaketi za Naivas za jirani zetu Kenya zilitangaza kuwa wadukuzi wameiba sehemu ya data zake.

Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia. Kukodi seva ya kampuni nyingine hakuwaondolei wajibu wa kulinda mlichokabidhiwa.

Tunaomba mambo manne. Kwanza, simbeni diski za mashine pepe pamoja na nakala rudufu zake zote, kwani nakala ndizo husahaulika. Pili, funguo zikae kwenye mfumo tofauti, chini ya watu wasiopungua wawili, na msimamizi wa seva asiwe mmoja wao. Tatu, zibadilishwe kwa ratiba, na pia siku ileile mfanyakazi aliyezishika anapoondoka; akiba ya funguo hizo itunzwe mahali pengine salama, maana zikipotea hata ninyi hamtasoma chochote. Nne, usimbaji haumzuii mdukuzi kuyafunga mafaili yenu kwa ufunguo wake, hivyo nakala rudufu moja ikae nje ya mtandao, na marekebisho ya programu yawekwe mara yanapotolewa.

Katika mkutano mkuu ujao, pamoja na hesabu za mapato na matumizi, tuelezeni mbele ya wanachama wote: ni wenye vyeo gani wanaoshika funguo hizo, na mara ya mwisho zilibadilishwa lini? Nanyi wanachama wenzangu, msiondoke ukumbini kabla ya kupata jibu.

Wenu katika ushirika,
Mkazi wa Kamunyonge, Musoma