Milima yetu ilijua kazi mbele ya 1906

Wengi kati yetu wanasema kazi ya shaba ilianza 1906, wakati Union Minière ilizaliwa, ao 1911, wakati shaba yake ya kwanza ilimwagwa ku Lubumbashi. Hiyo ni historia ya kampuni. Historia ya milima ni ndefu zaidi.

Mawe ya hii milima, toka Kolwezi mpaka Likasi na Kipushi, yalikunjwa na nguvu ya dunia, sasa ni zaidi ya miaka milioni 500. Pale shaba iko karibu na juu, miti inakataa kuota. Panabaki majani na maua madogo ya buluu. Bankambo walijua kusoma ile alama: wakiona kilima kipara katikati ya pori, walijua pa kuchimba.

Kule Naviundu, pembeni ya Lubumbashi, watu waliyeyusha shaba tangu karne ya 4. Wakati wa kiangazi familia zilipanda mlimani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala, wakapuliza kwa mivuba ya ngozi. Shaba wakaimwaga kuwa misalaba. Mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa 1957, ile misalaba ilikutwa pamoja na wafu. Kule hakuna shaba: ilitoka huku kwetu, ikabebwa na watu.

Leo mashini inamaliza kilima kizima kwa miaka michache, na jina lake linaenda pamoja nacho. Hatusemi kazi isimame, kazi inatulisha. Lakini mchimbaji akikuta shimo la zamani ao msalaba, asiuuze kwa kilo. Ku mizani ni mafranga kidogo tu, na ukisha kuyeyushwa haurudi tena. Aandike pale ulitoka, kisha aupeleke ku musée ya Lubumbashi. Kampuni nazo, mbele ya kupasua kilima, ziulize wazee jina lake, ziite wenye kuchunguza mambo ya kale.

Ba papa na ba mama, muulize wazee wangali wazima, muandike mu kaye ya mtoto. Siku moja tutaulizwa nani alikuwa hapa wa kwanza. Kilima kikisha kuisha, jibu litabaki mu ile kaye tu.