Tusiing'oe Mizuzu

Ramadhani iliyopita nilizunguka soko zima alasiri nikitafuta ndizi mzuzu za kupika kwa nazi na iliki. Nikarudi na ndizi ndefu za sura moja, ambazo motoni ziligeuka uji. Futari ililiwa kwa adabu tu.

Mchuuzi aliniambia kuwa lori hutaka ndizi zinazolingana, basi wenye mashamba wameng'oa mzuzu na mkono wa tembo, wakapanda aina moja. Simlaumu mtu atafutaye riziki. Lakini ndugu wasomaji, ndizi tulazo hazipandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa chipukizi, na chipukizi ni mamaye yule yule. Ugonjwa ukiuweza mgomba mmoja, umeliweza shamba zima.

Huko Amerika ya Kati makampuni yalijaza mashamba ndizi ziitwazo Gros Michel, na ilipofika miaka ya 1950 ukungu wa udongoni, ugonjwa wa Panama, ulikuwa ukiyamaliza. Wakakimbilia Cavendish, wakaipanda vile vile! Sasa umezuka ukungu mwingine, TR4, unaoiua hiyo Cavendish, na mwaka 2013 ulitambuliwa Msumbiji, katika bahari hii hii yetu. Dawa hauna, na hukaa udongoni miaka mingi.

Sisemi mzuzu una kinga. Nasema palipo na aina nyingi huenda moja ikasalia. Mwenye kiunga akibakisha mashina mawili matatu nyuma ya nyumba, mimi ndimi mnunuzi wake wa kwanza Shaabani ikiingia.