Hiyo Sauti Unayoichukia Ndiyo Yako

Video yangu ya kwanza niliifuta kabla mtu yeyote hajaiona. Niliirekodi hapa Isecheno, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, asubuhi tulivu. Picha ilitoka poa. Shida ilikuwa sauti. Nyembamba kama ya mtoto wa darasa la nne, halafu "gari" imetoka "kari". Nikajiuliza, kwani mimi huongea hivi kila siku?

Wasee, jibu ni ndiyo. Simu haikuwa imeharibika.

Ukiongea, sauti yako hukufikia kwa njia mbili. Ya kwanza inapita hewani na kuingia sikioni, kama sauti ya mtu mwingine yeyote. Ya pili inapita ndani, kwenye mifupa ya kichwa, na mifupa hupitisha vizuri zile sauti nzito. Kwa hivyo unajisikia ukiwa na besi ambayo watu wengine hawaipati. Rekodi inaitoa hiyo besi. Inayobaki ni ile sauti mamako, mabeshte na makanga wa Khayega wameizoea kitambo. Mgeni hapo ni wewe peke yako.

Na sikio halikai tu kusikiliza, linaongoza mdomo. Mwaka wa 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila hata kupanga. Simama karibu na ngoma za isukuti kwenye matanga huku Shinyalu, ujaribu kumwongelesha jirani. Ngoma zikinyamaza ghafla, utajipata unapiga kelele peke yako. Ama ushawahi kupiga simu, sauti yako ikakurudia ikiwa imechelewa kidogo? Ulimi unakwama, maneno yanagongana. Ubongo hukagua unachosema wakati bado unasema, na ukiuletea sauti iliyochelewa unachanganyikiwa.

Ndiyo maana nina neno na sisi tunaotengeneza video. Wengi tunaichukia sauti yetu, tunaenda kuazima ya Nairobi ama ya mtangazaji wa redio. Mimi nilijaribu wiki kadhaa. Kila neno nilikuwa nalichunga kabla halijatoka, nikiangalia "g" na "b", hadi nasahau nilichotaka kusema. Video zikawa safi lakini hazina mtu ndani.

Sisemi usijisikilize. Jisikilize sana, lakini tafuta vitu vya maana. Unakimbiza maneno? Unameza mwisho wa sentensi? Hayo rekebisha, kwa sababu yanamnyima mtu ujumbe. Lakini "kari" ya ulimi uliolelewa na Kiisukha si ugonjwa wa kutibu. Anayekucheka kwenye komenti anacheka kwa sababu ameelewa ulichosema.

Kwa hivyo rekodi dakika moja leo, usiifute. Isikilize kila asubuhi kwa wiki moja. Siku ya kwanza utataka kujificha chini ya kitanda. Baadaye sikio litazoea, kama lilivyozoea sauti za watu wengine wote.

Ile video niliirekodi tena, "kari" ikabaki. Kukhu alipoisikiliza hakushangaa hata kidogo. Alisema tu, "Si huyu ni wewe." Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kujua.