Mpanzi, Udongo, na Kijana Anayetaka Kusomea Mawe



Wapendwa katika Kristo, Injili ya Dominika ya 15 ya Mwaka A ni ule mfano wa mpanzi. Kila ninapousoma hapa Mvumi hujiambia kwamba Bwana wetu alihubiri kana kwamba aliwahi kulima Ugogoni: njia iliyokanyagwa, mwamba wenye udongo kiduchu juu yake, miiba, na hatimaye ile sehemu iliyo njema. Sisi wahubiri huwa tunakimbilia upesi maana ya kiroho na kuuacha udongo wenyewe nyuma yetu. Wiki hii naomba tubaki kidogo kwenye udongo, kwa sababu ya wageni walionijia Jumatatu.

Alikuja mzee mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo pamoja na mwanawe aliyepata matokeo ya kidato cha sita. Kijana amefaulu vizuri fizikia, jiografia na hisabati, naye anataka kuomba nafasi ya kusoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mzee hakuridhika. "Baba Paroko," alisema, "nimeuza ng'ombe wanne huyu asome. Sasa anataka kusomea mawe? Mawe si tunayo hapa nyumbani?" Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba jirani amemwonya: huko wanafundisha kuwa dunia ina mamilioni ya miaka, na mtoto atarudi hana imani.

Nianze na hilo la imani, maana kwangu ndilo jepesi. Mwaka 1666, katika mji wa Florence, tabibu mmoja Mdenmark aitwaye Nicolaus Steno alipasua kichwa cha papa mkubwa (yule wa baharini, msinielewe vibaya). Akaona kwamba meno ya samaki huyo yanafanana kabisa na vijiwe vilivyokuwa vikiokotwa milimani, ambavyo watu walidhani vimeota ndani ya mwamba. Akajiuliza jino la samaki limefikaje mlimani. Mwaka 1669 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mashapo hujilaza tabaka juu ya tabaka, na kwamba lililo chini lilitangulia lile la juu. Hilo ni somo la kwanza la kila mwanafunzi wa jiolojia hadi leo. Basi Steno huyo alipokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padre, akawa askofu mwaka 1677, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Mtu aliyewafundisha wanadamu kusoma umri wa mawe tunamwomba atuombee. Na kabla yake, Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika, alikwisha kufundisha kwamba siku za uumbaji si lazima zihesabiwe kama siku zetu za kalenda. Miamba ya Dodoma tunayoanikia nguo zetu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mimi nikiisikia hesabu hiyo, sioni Mungu amepungua.

La mzee, lile la mawe, ndilo gumu, nami sitaki kulipita haraka.

Sayansi ya ardhi katika nchi yetu imejulikana kwa dhahabu na tanzanaiti. Kijana akitaja jiolojia, wazazi huona Geita na Mererani, mshahara mnono, au utapeli. Lakini historia ya elimu hii hapa katikati ya nchi ni pana kuliko madini. Katika miaka ya 1930, kule Mpwapwa, mtaalamu aliyeitwa Staples alitenga vipande vya ardhi, akapima maji na udongo vilivyotoka kwenye kila kimoja. Penye ardhi tupu, karibu nusu ya mvua ilitiririka na kupotea, ikibeba udongo mwingi. Penye nyasi karibu yote ilizama ardhini. Majaribio hayo ni miongoni mwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika, nayo yalifanyika jirani na sisi, katika udongo ulio ndugu wa huu tunaolima.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Uswidi, walipima tope katika mabwawa ya karibu na Dodoma, likiwamo la Ikowa. Waliona kwamba mabwawa hayo yangejaa mashapo baada ya miongo michache tu. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, na katika miaka ya 1980 amri hiyo ikafika Mvumi.

Hapa wazee wangu mnajua kuliko mimi. Kumwambia Mgogo aondoe ng'ombe ni kumwambia aondoe mahari ya mwanawe, akiba ya njaa, na heshima yake mbele ya ukoo. Uoto ulirudi, hilo lazima tukiri, hasa Kondoa. Lakini waliopima walikuwa wageni, ripoti zao ziliandikwa Kiingereza, na kilichofika kijijini kilikuwa amri. Nimewauliza wazee kadhaa kama kuna aliyekaa nao chini ya mbuyu akawaonyesha, kwa Kigogo, kwa nini korongo lile linakua. Hawamkumbuki hata mmoja. Ninaamini mengi yangeongeleka vingine kama mmoja wa waliopima angekuwa mtoto wa Mvumi.

Chukueni na suala la maji. Miaka michache iliyopita kigango chetu kimoja kilichanga fedha, tukamwita mchimbaji, akachagua mahali kwa macho. Tulichimba mita nyingi, tukapata vumbi. Fedha za mahindi na alizeti za kigango kizima ziliishia shimoni, nami niliyewahimiza watoe ndiye niliyesimama altareni Dominika iliyofuata. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba katika mawe magumu kama yetu maji hayakai kila mahali. Hukaa kwenye nyufa na katika tabaka lililooza juu ya mwamba, na zipo njia za kuyatafuta kwa kupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, kabla ya kuchimba. Jiji la Dodoma limekunywa maji ya Makutupora kwa miongo mingi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya miaka 55 vya maji ya chini ya ardhi kule, vikaonyesha kwamba hifadhi ile hujazwa hasa na mvua kubwa za nadra, kama zile za El Niño. Kwa miaka 55 kulikuwa na mtu wa kwenda kisimani, kupima kina na kuandika.

Nilipomweleza mzee habari hizi, alinyamaza, kisha akamgeukia mwanawe: "Je, ukisoma utatuonyesha pa kuchimba?" Kijana akajibu, "Baba, kwanza nitawaonyesha pasipo na haja ya kuchimba." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Sitawadanganya kuhusu ajira. Wapo wahitimu wa jiolojia wanaoendesha bodaboda. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoanza mwaka 1925 na yenye makao makuu hapa Dodoma, haiwezi kuwaajiri wote. Tena nina lawama kwa vyuo vyetu: mwanafunzi anaweza kupata shahada Dodoma, akiwa amejifunza mengi ya machimbo ya mbali, bila kuwahi kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mkulima wa Mvumi angeuelewa. Kila mwaka wanafunzi huandika tafiti za mwisho wa masomo. Ni ngapi kati ya hizo zilizorudi serikali ya kijiji zikasomwa mkutanoni?

Mzee hajaamua. Ameomba wiki moja azungumze na mama wa kijana na mjomba wake, jambo ambalo ni haki yake. Kijana naye ameahidi kuwapeleka vijana wa parokia kwenye korongo lililo bondeni Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, awaonyeshe matabaka ya udongo ukutani mwake, la chini hadi la juu, kama Mwenyeheri Steno alivyofundisha. Wazazi mnakaribishwa pia. Vaeni viatu vya kufunika, kuna miiba.

Nawatakieni Dominika njema.